Bitcoin hata wakikufungia mlango: mwongozo kamili kutoka Mombasa

Swali ninaloulizwa sana kijiweni, kahawa ikishamiminwa, ni hili: serikali ikisema hapana, hizi bitcoin si ndio basi tena? Na mimi huwa namrudishia mtu swali, zako ziko wapi? Anatoa simu, anafungua apu ya eksichenji, yaani kampuni ya kununulia na kuuzia hizi sarafu, ananionesha namba. Hapo ndio naona shida ilipo manake ile namba sio bitcoin yake, ni ahadi ya mtu wa mbali kwamba ukizitaka atakupa. Siku huyo mtu akiambiwa na wakubwa asikupe, hatakupa, na wala hana haja ya kukuomba radhi.

Kwa hivyo huu mwongozo ni wa yule mwenye simu ya Android ya kawaida, laini ya M-Pesa na kakitu kidogo alichoweka kwa bitcoin, anataka kikae kinatumika hata mambo yakiharibika. Sio wa kuficha pesa chafu na sio wa kukwepa kodi, hayo tafuta mwalimu mwingine.

KWANZA JUA KINACHOFUNGIKA

Bitcoin inatembea tangu tarehe 3 Januari 2009 na haina ofisi ya kuvamiwa. Daftari lake liko kwa maelfu ya kompyuta dunia nzima na kila dakika kumi hivi linaongezwa bloku mpya, yaani ukurasa mpya wa miamala. China walijaribu. Mei 2021 wakaanza kuwafukuza wachimbaji, wale wenye kompyuta za kuongeza hizo bloku, karibu nusu ya nguvu yote ya uchimbaji ikazimika kwa wiki chache tu, bloku zikaanza kuchelewa. Sasa huu mfumo kila baada ya bloku 2016 hujipima wenyewe, na tarehe 3 Julai 2021 ukajipunguzia ugumu wa kuchimba kwa karibu asilimia 28, ule mwendo wa dakika kumi ukarudi. Hakuna aliyeitisha mkutano wala aliyepiga simu Beijing kubembeleza. Wachimbaji wakahamia kwingine, maisha yakaendelea.

Kinachofungika ni milango. Benki, M-Pesa, eksichenji, duka la apu, intaneti, halafu na wewe mwenyewe, manake mtu nae hufungika. Nigeria Februari 2021 benki kuu yao iliziambia benki zifunge akaunti zote zinazogusa hizi sarafu. Watu wakahamia kuuziana wenyewe kwa wenyewe, ile P2P, na ikashamiri kwelikweli. Marufuku ikaja kulegezwa Desemba 2023, lakini kufika Machi 2024 Binance, ile eksichenji kubwa, wenyewe wakaondoa naira kwenye apu yao baada ya kubanwa, na waliokuwa wanategemea P2P ya pale tu wakarudi tena mwanzo. Ona hapo, bitcoin haikuguswa hata mara moja, ni milango tu inafungwa na kufunguliwa.

Kwetu hapa Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa onyo kwamba hii sio pesa halali na ukipoteza usije kulia. Septemba 2023 wakaanza kutoza asilimia 3 ya thamani yote unayohamisha, sio ya faida, ya kila kitu. 2025 hiyo wakaitoa wakaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma, na Oktoba mwaka huohuo rais akasaini sheria ya watoa huduma za hizi mali za kidijitali, leseni ziko chini ya Benki Kuu na CMA, ile mamlaka ya masoko ya mitaji. Kwa hivyo leo sio haramu kuwa nazo. Haramu ya serikali nasema, ile nyingine waulize masheikh. Lakini hebu hesabu, miaka kumi tu tumetoka kwenye onyo tukaingia kwenye kodi tukafika kwenye leseni, nani anajua kinachofuata ni nini.

HATUA YA 1: ZITOE KWENYE EKSICHENJI

Weka waleti, yaani apu ya kutunzia bitcoin, inayokupa maneno 12 au 24 wewe mwenyewe. Kwenye simu Electrum au BlueWallet ni sawa, ukiwa na laptop Sparrow ni nzuri zaidi. Usiingie kwa tangazo lililo juu ya Google, matapeli hulipia pale wakaweka apu feki inayofanana kabisa, nenda tovuti ya mtengenezaji uanzie hapo. Ukiwa na Android shusha faili lenyewe la apu kutoka kwa mtengenezaji uliweke kwenye memori kadi, manake duka la apu nalo ni mlango, India Januari 2024 Apple walitoa Binance na wenzake kwa duka lao baada ya serikali kusema na usiku mmoja tu watu wakaamka hawazioni.

Halafu tuma kidogo kwanza. Kidogo kweli, cha shilingi elfu moja. Unapokopi anwani, ile namba ndefu ya kupokelea, angalia herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, kuna virusi kazi yao ni kubadilisha anwani uliyokopi ukipesti inakuwa ya mwizi. Ikifika, usitume zilizobaki bado. Fanya hatua ya 2 kwanza.

HATUA YA 2: YALE MANENO 12

Hapa ntakaa sana, manake watu wengi ninaowajua waliopoteza bitcoin hawakunyang'anywa na serikali, walijinyang'anya wenyewe.

Yale maneno ndio pesa. Simu sio pesa, simu ni kioo tu cha kuangalizia. Simu ikianguka baharini pale feri Likoni, ukiwa na maneno unanunua simu nyingine unaandika maneno pesa inarudi yote. Ukiwa na simu bila maneno siku simu ikifa khalas. Na mwenye kuyaona maneno yako ndio mwenye pesa, hahitaji pini yako wala kitambulisho chako.

Yako kwa Kiingereza, yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048, kuna orodha za Kijapani na Kihispania na Kicheki lakini ya Kiswahili hatujapata, inaniuma kidogo lakini haya. Herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno lingine, kwa hivyo ukiweza kusoma zile nne umelipata neno.

Mimi mara ya kwanza niliandika usiku jikoni kwa mamangu, stima imepotea, natumia tochi ya simu nyingine, biki inakatakata. Neno la saba lilikuwa "cart". Miezi mitatu baadae nikasema hebu nijaribu, nikafuta waleti nikaanza kurudisha, inanikatalia, maneno sio sahihi. Nikajaribu tena, inakataa. Jasho. Ile t niliiandika kwa haraka mkia ukapinda nikaisoma "card", na "card" nalo limo kwenye orodha! Kilichoniokoa ni kwamba neno la mwisho lina hesabu ndani yake ya kuangalia kama mengine yamekaa sawa, ndio maana ikakataa badala ya kunifungulia waleti nyingine tupu. Na hata hiyo hesabu kwa maneno 12 haikamati makosa yote, mara moja katika kumi na sita hivi hupita. Na ndio sababu nakwambia tuma elfu moja, andika maneno, FUTA waleti, rudisha kutoka kwa karatasi, ukiiona ile elfu moja imerudi ndio ulete zingine. Ukisikia uvivu kufanya hivi basi acha tu pesa yako M-Pesa.

Kuandikia. Penseli ni bora kuliko biki ya wino wa maji. Hewa yetu ya chumvi na joto hula karatasi, nimefungua bahasha iliyokaa kabatini mwaka mmoja tu nikakuta wino umetanuka kama umeliliwa. Na zile mvua za El Niño za Novemba 2023 wengine maji yaliwaingilia mpaka kwenye magodoro, karatasi itapona wapi. Kwa hivyo nakala mbili, sehemu mbili, moja usiiweke chini. Ukitaka ya kudumu nenda kwa fundi wa vyuma umuombe kipande cha steini, chuma kisichoshika kutu, sio bati la kawaida, bati la kawaida huku kwetu miaka miwili ni kutu tupu, kisha maneno gonga MWENYEWE nyumbani kwa nyundo na herufi za chuma za kugongea. Usimwachie fundi akugongee, najua utacheka lakini kuna mtu alifanya.

Skrinshoti usipige. WhatsApp ya "nijitumie mwenyewe" usifanye, email pia usifanye. Na mtu mmoja wa kuaminika nyumbani ajue hicho kitu kipo na kiko wapi, hata kama hajui ni nini, manake mauti hayapigi hodi na mirathi isiyojulikana ilipo haigawiki.

HATUA YA 3: MILANGO MITATU, SIO MMOJA

Kuingiza na kutoa shilingi ndio pale serikali inapokushika kirahisi, kwa hivyo usiwe na njia moja. LocalBitcoins ambayo wengi wetu tulianzia walifunga Februari 2023, Paxful nao wakasimamisha soko lao Aprili mwaka huohuo, miezi miwili tu milango miwili mikubwa imefungwa.

Mlango wa kwanza iwe eksichenji yenye leseni, ndio, tena usiichukie, ina kazi yake, ingiza toa lakini usilaze pesa. Wa pili iwe P2P yenye amana, yaani bitcoin ya muuzaji inashikiliwa na mfumo mpaka hela ifike. Zile za eksichenji kubwa watu wanazijua, lakini jifunze pia Bisq, RoboSats au HodlHodl, hazina watu wengi wa shilingi na bei zake sio tamu, ila ujue kuzitumia kabla hujazihitaji. Mlango wa tatu ndio ninaoupenda mimi: watu unaowajua. Mwenye kulipwa kwa bitcoin na mteja wa nje, mwenye duka anayeagiza mzigo, mwanafunzi. Watu watano tu wa kweli wanatosha. Hii sio ajabu kwetu, wafanyabiashara wa pwani hii wameishi kwa hawala na zile hundi za Kihindi vizazi na vizazi, pesa inatembea kwa neno la mtu kabla ya benki yoyote kujengwa hapa. Tofauti ni kwamba hapa humwamini mtu kukuwekea, unamwamini dakika kumi tu za kubadilishana.

Sasa hatari za P2P, na hizi zimefunga akaunti nyingi.

SMS feki. Mnunuzi anakwambia nishatuma, kweli simu inalia, ujumbe uko vilevile mpaka ile namba ya muamala. Usiusome huo ujumbe kabisa, fungua apu ya M-Pesa uangalie salio. Salio halijaongezeka, bitcoin haitoki, hata kama anakuapia kwa mtume.

Jina lisilofanana. Kwenye P2P anaitwa jina hili, M-Pesa inakuja na jina la mtu mwengine kabisa, "ni shemeji yangu huyo". Huyo shemeji ni mtu anayedhani amenunua friji mtandaoni. Tapeli amempa namba yako alipie, friji haiji, anakwenda polisi, na namba iliyopokea pesa ni yako wewe. Binamu yangu lilimpata hili, shilingi elfu 38, benki moja hapa mjini ikamfungia akaunti yote wiki tano pamoja na mshahara, kila akienda anaambiwa karudi Jumatatu. Hakuibiwa hata senti na hakuiba, alipokea tu kwa jina lisilo sawa. Jina halifanani rudisha pesa pale pale kwa namba iliyotuma na uvunje biashara.

Na usipokee yote kwa laini moja au benki moja. Ukikutana na mtu ana kwa ana iwe mchana penye watu, mkahawa wa Nyali au Moi Avenue, sio kwenye gari la mtu, na nenda na simu yenye kiasi cha biashara hiyo tu. Na moja ambayo watu hawataki kuisikia, ukianza kubadilishia watu kila siku kwa faida hapo wewe si mtu binafsi tena unaweza kuwa mtoa huduma na ile sheria ya 2025 ikakuhusu, mtafute wakili kabla hajakutafuta afisa.

HATUA YA 4: USDT SIO KITU KIMOJA NA HIKI

Mjini hapa nusu ya wanaosema "niko na kripto" wana USDT, ile sarafu inayofuata bei ya dola, kwenye mtandao uitwao Tron. Siikatai, dola haishuki kama bitcoin, kwa mzigo wa wiki mbili ni nzuri. Lakini ina mwenyewe. Kampuni ya Tether ina uwezo wa kugandisha anwani yoyote na hufanya hivyo vyombo vya serikali vikiomba, na maneno yako 12 hayatakusaidia kitu hapo. Kwa hivyo USDT ya kupitia, bitcoin ya kukaa. Mwenye mawazo mengine haya, ila ajue anachokishika.

HATUA YA 5: MATUMIZI MADOGO

Bitcoin ya moja kwa moja sio ya kununulia mahamri na mbaazi. Tarehe 20 Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji yalipokatwa nusu, wastani wa makato ulipita dola 100 kwa muamala mmoja. Kawaida ni chini sana ya hapo, lakini ujue inaweza.

Kwa vidogo tumia Lightning, mtandao wa malipo madogo uliojengwa juu ya bitcoin, inafika kwa sekunde na makato ni ya kuchekesha. Kuna waleti za Lightning ambazo mtu mwengine anakushikia, hizo ni rahisi, weka kama unavyoweka pesa ya mfukoni tu. Kuna ambazo funguo ni zako, kama Phoenix, hizo zinataka uelewe kidogo mambo ya chaneli, zile njia za kupitishia malipo, na zina ada ya kuanzia. Hapa Kenya kuna Tando, unalipa kwa Lightning na mwenye duka anapokea shilingi kwa till yake ya M-Pesa kama kawaida, yeye wala hajui. Tamu sana, lakini nayo inapitia M-Pesa, kwa hivyo ni mlango, ihesabu kama mlango. Na kuna Machankura, ya yule jamaa wa Afrika Kusini Kgothatso Ngako, inafanya kazi kwa USSD, zile namba za nyota na reli, hata kwenye kabambe bila intaneti. Hiyo pia wanakushikia wao, na USSD inapita kwa kampuni ya simu, lakini kwa mama asiye na simu ya kugusa sijaona nyengine.

HATUA YA 6: INTANETI IKIPOTEA

Usidhani ni hadithi. Mei 12, 2024 cable mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini karibu na Durban, na sisi ambao hizo cable zinapandia ufukweni kwetu tukakaa siku kadhaa intaneti inatambaa. Juni 25 mwaka huohuo, siku ya maandamano ya mswada wa fedha, ikayumba tena nchi nzima. Telegram nayo ilifungwa Novemba 2023 na Novemba 2024 wakati wa mitihani ya KCSE, na makundi mengi ya P2P yako huko, asiyekuwa na VPN, apu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, mapema alibaki nje ya nyumba yake mwenyewe.

Cha kwanza, tulia. Kupokea bitcoin ya kawaida hakuhitaji simu yako iwe hewani, hata ikiwa imezimwa mteja akituma inaingia, utaikuta. Lightning ndio mara nyingi inataka uwe hewani. Cha pili, laini mbili za kampuni tofauti, VPN imeshawekwa na imejaribiwa, na apu ya Tor, inayoficha unakopitia mtandaoni.

Cha tatu ndio kitamu. Muamala wa bitcoin ukishasainiwa ni maandishi tu. Wa kawaida, anwani moja inatoa kwenda moja na chenji inarudi, ni herufi kama 450 hivi. Yaani SMS tatu. Waleti kama Electrum inaweza kuusaini bila intaneti mradi ilikuwa imeshasoma salio kabla mtandao haujapotea, unautoa kama maandishi, unamtumia ndugu yako aliye Dar au Dubai kwa SMS, yeye anaupesti kwenye tovuti yoyote ya kusambaza miamala. Hawezi kubadilisha hata senti, akigusa herufi moja saini inakufa. Atajua unatuma kiasi gani kwenda wapi, basi. Nimefanya hivi na rafiki yangu kwa majaribio, tumeketi meza moja mimi nimezima data, ile ya kwanza ilikataa kwa sababu nilisahau herufi mbili za mwisho za SMS ya pili, ya pili ikapita.

Ukiwa na laptop ya zamani endesha nodi yako mwenyewe, yaani programu ya kuhifadhi na kukagua daftari la bitcoin, inaitwa Bitcoin Core. Daftari zima ni zaidi ya GB 600 lakini unaweza kuiambia ibakishe GB chache tu, ila mara ya kwanza lazima ishushe lote, kwa bando utalia, ipeleke kwa mwenye Wi-Fi isiyohesabiwa. Faida ni kwamba humuulizi mtu salio lako. Kuna na Blockstream wanaorusha daftari kwa setilaiti, ukiwa na dishi na kipokezi chake unapokea bila intaneti, mimi sijafunga nasema tu ipo.

HATUA YA 7: REKODI NA MDOMO

Andika kila muamala, tarehe, kiasi, bei ya shilingi siku hiyo, na nani. Daftari la shule linatosha. Siku benki ikiuliza hii laki moja na nusu imetoka wapi, mwenye karatasi anaondoka na akaunti yake na mwenye maneno matamu anabaki kwenye benchi. Usidanganye kwenye fomu, uongo ndio unaofanya kitu halali kiwe kesi.

Na funga mdomo. Wewe ndio mlango ambao hauna programu ya kuurekebisha. Usivae fulana ya bitcoin ukapanda nayo matatu ya Kisauni, usionyeshe salio barazani, na waleti ya kwenye simu ya kutembelea iwe na kiasi ambacho ukiekewa kisu utakitoa bila kufikiria. Kubwa liko nyumbani kwenye maneno, wala usiwe na apu yake kwenye simu hiyo.

ZOEZI

Kila miezi mitatu, mimi hufanya Jumapili asubuhi, chagua mlango mmoja ujifanye umefungwa. Mara hii eksichenji haipo, je unaweza kupata shilingi elfu mbili kufikia adhuhuri? Mara nyingine simu imeibiwa, chukua simu nyengine tupu urudishe kutoka kwa karatasi. Mara nyingine data hakuna, SMS tatu kwa ndugu. Andika pale ulipokwama. Mimi mara ya mwisho nilikwama pa kijinga kabisa, nakala yangu ya pili iko kwa shangazi Likoni na shangazi alikuwa amesafiri Lamu na ufunguo wa kabati.